Kipimo cha Utosi

Nchi hii si yenu, msiwe na wasiwasi. Yenu ina mito mingi. Hii ilikuwa na mto mmoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa bado kwenye mpango wa maendeleo. Yenu ina waheshimiwa wanaosema kweli. Hii ilikuwa naye mmoja, akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo mkikuta humu jambo linalofanana na la kwenu, mjue ni bahati mbaya tu, na muendelee kusoma bila kugeuka kutazama nani amekaa nyuma yenu.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani Lukwaro, Afisa Nyuki Daraja la Pili. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, hana mume wala mtoto, na aliishi na mama yake. Mama huyo, Bi Somoe, alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikuwa mkunga mstaafu, na karibu nusu ya watu wa mji ule walipita mikononi mwake kabla hawajapita mikononi mwa mama zao. Sasa jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, mikono ilikuwa inatetemeka, na presha ilikuwa juu. Kila asubuhi baada ya uji alimeza kidonge kimoja cheupe, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba asipokimeza hatafika mbali. Sikudhani ndiye aliyemletea kidonge hicho na glasi ya maji, na hakuwa akitoka kwenda kazini mpaka amuone amekimeza.

Ofisi ya nyuki ilikuwa na maafisa watano na viti vitatu. Waliokosa viti walipangiwa kwenda kukagua mizinga. Sikudhani alikuwa akichelewa makusudi ili akose kiti, kwa maana aliwapenda nyuki kuliko alivyowapenda maafisa wenzake, na miaka kumi na minane ya kuwatazama ilikuwa haijamchosha.

Mwaka ule nchi ilikuwa na aibu moja ndogo. Wauguzi walikuwa wamehama. Serikali haikusema wamehama. Ilisema wametawanyika kimataifa. Walikuwa wamechoka kufunga vidonda kwa vitambaa vya pazia na kuambiwa wavumilie, wakapanda ndege mmoja mmoja, na wodi zikabaki na wagonjwa peke yao. Kwenye wodi ya watoto wachanga ya mji mkuu walibaki watoto thelathini na mmoja na mlinzi wa geti.

Katika hali hiyo ndipo Waziri wa Afya na Mapambo ya Barabara, Mheshimiwa Dakta Lwakipande, alipofika kwenye Maonesho ya Asali. Alikuja kuonja asali. Lakini kulikuwa na nafasi ya dakika kumi kabla ya picha ya pamoja, akaomba mtaalamu aseme neno, na maafisa wanne wakamtazama Sikudhani.

Sikudhani alisema yale anayoyajua. Alieleza kwamba ndani ya mzinga kazi huenda kwa umri. Nyuki mchanga hulea majana, yaani watoto wa nyuki, na kichwani mwake kuna tezi zinazotoa maziwa ya kuwalisha. Akikua, tezi hunywea, naye hutoka nje kutafuta chakula mpaka mabawa yachakae. Lakini walezi wakiondolewa mzingani, hutokea jambo la ajabu: baadhi ya wale wazee wa nje hurudi ndani, tezi zao hujaa tena, na mwili hurudi ujanani. Waziri akauliza ni nani anayewaamrisha. Sikudhani akajibu kwamba hakuna. Nyuki hugusana, hulishana mdomo kwa mdomo, hunusana, na kwa njia hiyo kila mwili hupata habari ya kilichopungua nyumbani. Malkia mwenyewe hatoi amri. Hapo bwana mmoja wa usalama aliyesimama nyuma alikohoa, na Sikudhani akapita haraka.

Waziri alifurahi sana. Akaagiza maelezo yale yaandikwe, ukurasa mmoja, herufi kubwa, kwa kuwa alikuwa havai miwani mbele za watu.

Sikudhani aliandika siku ile ile. Ukurasa ukafurika kwa mistari mitatu. Akatafuta cha kupunguza. Kwanza akaukata mstari unaosema kwamba anayerudi ujanani lazima kwanza alishwe vizuri na wenzake. Kisha akaukata mstari unaosema kwamba binadamu si nyuki, kwa kuwa alidhani hilo linajulikana. Bado kulikuwa na maneno mawili yaliyoning'inia chini ya ukurasa, basi akapanda juu akafuta "baadhi ya", na sentensi ikabaki inasema kwamba wazee hurejea. Ukurasa ukakaa vizuri. Akaupeleka akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

*

Sheria ya Kurejeshwa Ujana ilipita bungeni kabla ya chai. Mbunge mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuwa mdogo kuliko mwanawe wa kumzaa, na Spika akaamua kwamba hilo ni suala la kifamilia. Kwa sheria hiyo kila mwananchi alipewa Umri wa Taifa, utakaopangwa kulingana na mahitaji, na umri ule mwingine, wa kuhesabu miaka tangu kuzaliwa, ukaitwa Umri wa Nyumbani na kupigwa marufuku katika ofisi za umma. Wizara ya Uratibu wa Miili ikaundwa, Mheshimiwa Lwakipande akawa waziri wake. Mkuu wa Nchi hakuguswa na mabadiliko hayo, kwa sababu yeye alikuwa na miaka hamsini na mmoja tangu Sikudhani akiwa darasa la tano.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia uwanja mzima.

"Ndugu wananchi," alisema, "uzee tuliletewa. Babu zetu hawakuwa wazee, walikuwa na hekima, na watu wasiotutakia mema wakaja kuwahesabia miaka. Kuanzia leo uzee ni uamuzi, na Serikali haijaamua."

Watu wakapiga makofi, na waliokaa mbele wakapiga zaidi kwa sababu kamera zilikuwa huko. Baadaye lori lilipita mitaani kukusanya mikongojo. Kutembelea mkongojo kukawa kosa la kuzeeka bila kibali. Wauguzi na wakunga wote wastaafu, mia nne na kumi na wanane kwa hesabu ya Wizara, wakatangazwa kwenye gazeti la Serikali kuwa ni vijana wa miaka ishirini na minne, na kila mmoja akatumiwa barua ya pongezi na pakiti ya piko la kupaka nywele ziwe nyeusi.

Bi Somoe alisomewa barua yake na mwanawe, kwa ajili ya jicho. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni utani wa redioni. Alipoambiwa si utani, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza wodini kumebaki watoto wangapi, na kicheko kikaisha.

Jumatatu Sikudhani alikwenda kliniki kuchukua vidonge vya mwezi. Muuza dawa akaingiza jina la Bi Somoe kwenye kompyuta, akasubiri, akageuza kioo ili Sikudhani ajionee mwenyewe. Mgonjwa ana miaka 24. Dawa hii haitolewi kwa umri huu. Sikudhani akasema mama yake anaumwa presha mwaka wa kumi na tano sasa. Muuza dawa akaangalia tena, akasema kwa upole kwamba mtu wa miaka ishirini na minne hawezi kuumwa kitu kwa miaka kumi na mitano, angekuwa ameanza akiwa na tisa, na kwamba akiendelea kubishana itabidi waandike. Duka la pili lilikuwa na kompyuta ile ile. La tatu lilikuwa limefungwa, mwenyewe alikuwa amekamatwa kwa kumuuzia kijana wa miaka themanini miwani ya kusomea.

Nyumbani vilikuwa vimebaki vidonge kumi na sita. Bi Somoe alichukua kisu cha kukatia vitunguu, akavikata nusu kwa nusu, vikawa thelathini na viwili.

Yule aliyeliletea taifa elimu hii hakusahauliwa. Sikudhani alipandishwa cheo akawa Mtaalamu Mkuu wa Uratibu, akapewa ofisi yenye viti tisa. Alipewa pia mihuri miwili, wa kijani unaosema AMEREJEA na mwekundu unaosema HAJAREJEA. Waziri alikuwa amefikiria sana jinsi ya kuthibitisha ujana, na kwa kuwa nyuki hunusana, akaagiza kipimo kiwe cha kunusa. Kila mtu anajua harufu ya utosi wa mtoto mchanga, alisema. Basi aliyerejea ujanani hawezi kunuka utosi wa kizee. Kikaitwa Kipimo cha Utosi. Mtaalamu ananusa mara tatu katikati ya kichwa, anagonga muhuri. Atakayekutwa hajarejea atarudishiwa umri wake wa zamani, pamoja na magonjwa yake yote na haki ya kuyatibu.

Hiyo ndiyo sentensi aliyoisoma Sikudhani mara nyingi kuliko zote.

Orodha ilikwenda kwa herufi. Wa kwanza waliingia akina Adelina na Asumpta na Aziza, wakainamisha vichwa vilivyokolea piko bichi, na Sikudhani akanusa mafuta ya nazi, moshi wa kuni, dawa ya kuchua viungo. Akagonga kijani. Alijiambia kwamba hawa wanarudi tu kwenye kazi wanayoijua, kwamba watoto wachanga wanahitaji mtu, kwamba ataandika barua kurekebisha yale maneno mawili. Aliiandika kweli. Alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa na imepongezwa. Basi akaendelea kugonga, asubuhi thelathini, mchana ishirini, na muhuri mwekundu ukabaki kwenye nailoni yake.

Wapo walioanza kuanguka wodini. Wizara ikasema ni vijana wa siku hizi, hawapendi kazi.

*

Jina la Bi Somoe lilikuwa la mia tatu tisini na moja. Siku tatu kabla ya zamu yake, Sikudhani aliitwa kwa Waziri, akapewa chai. Waziri alikuwa na furaha. Mkuu wa Nchi alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa mataifa kutangaza kwamba wazee wamerejea mia kwa mia. Alimuuliza habari za nyumbani, akamuuliza na habari za mama kwa jina, na Sikudhani akajua kwamba orodha imesomwa.

"Wakirejea wote, ni wewe uliyetupa ushindi," Waziri alisema. "Akibaki mmoja, sitakuwa na la kufanya. Itabidi tumchunguze aliyepima, tangu wa kwanza. Unajua uhujumu wa miili ni miaka mingapi?"

Sikudhani hakujua. Waziri akasema hata yeye hajui, ndiyo kwanza inapangwa, na akamwongezea sukari.

Vile vipande vya vidonge vilikuwa vimekwisha siku mbili kabla. Bi Somoe alikuwa analalamika kichwa, kisha akaacha kulalamika, na huko kuacha ndiko kulikomtisha zaidi mwanawe. Asubuhi ya kipimo Sikudhani aliufungua ule muhuri mwekundu kutoka kwenye nailoni yake. Akauweka upande wa mkono wa kulia, karibu na wino. Akajiapia. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani siku ile isipokuwa mama yake atoke chumbani humo akiwa na miaka sabini na mitatu.

Chumba kilikuwa kimejaa. Waziri alikuwepo, watu wa televisheni walikuwepo, na yule bwana wa usalama mwenye kikohozi alikuwa amesimama karibu na mlango. Habari ya mtaalamu kumpima mzazi wake ilionekana inafaa kwa taarifa ya saa mbili. Bi Somoe akaingia bila mkongojo, mkono mmoja ukutani. Wiki ile ulikuwa umetoka Waraka wa Maamkizi, unaoeleza kwamba waliorejeshwa ujana watawaamkia waliowazidi Umri wa Taifa, na karani aliyekuwa mlangoni akamnong'oneza jambo sikioni. Bi Somoe alimtazama karani kwa jicho lake zima. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Shikamoo," alisema.

Chumba kizima kikasubiri. Sikudhani aliusikia mtambo wa kamera ukizunguka. Mwanamke huyu alimzaa, akamwogesha, akamfundisha kusema neno lile lile kwa wakubwa, akamchapa siku aliyosahau.

"Marahaba," akajibu.

Baada ya neno hilo mambo mengine yalikuwa mepesi, na ndivyo yalivyokusudiwa kuwa. Bi Somoe akavua mtandio akainama. Sikudhani akanusa mara ya kwanza: piko. Mara ya pili: mafuta ya nazi na karafuu. Mara ya tatu akakuta ile harufu isiyo na jina ambayo tangu utotoni ilimwambia kwamba nyumbani kuna mtu, na akatamani abaki ameinama pale mpaka wote waondoke. Yule bwana wa usalama akakohoa. Mkono wa Sikudhani ukapita juu ya muhuri mwekundu, ukaenda kushika wa kijani. Watu wakapiga makofi.

Jioni walikula pamoja. Bi Somoe alipomaliza kunawa alisema kwamba yeye amenusa tosi nyingi kuliko mtaalamu yeyote wa nchi ile, kwa hiyo hahitaji kuambiwa.

"Utosi wa mtoto unanukia maziwa," alisema. "Wangu unanukia kafuri ya maiti. Sikulaumu, mwanangu, umeogopa, na mimi ningeogopa. Ila siku nyingine ukigonga muhuri, uwe unajua umegonga nini."

Sikudhani alisema atatafuta vidonge kwa njia yoyote. Mama yake akasema sawa, akaenda kutayarisha sare yake ya zamani, ambayo ilikuwa inampwaya mabegani.

*

Bi Somoe alifanya kazi siku kumi na moja. Wodi ya watoto wachanga bado ilikuwa na watoto thelathini na mmoja, na vijana wawili waliokuwa hawajaanguka, yeye na Bi Asumpta, ambaye kwa Umri wa Nyumbani alikuwa anakaribia themanini. Waligawana kazi kwa kadiri ya miili yao. Bi Asumpta alikuwa na macho, basi alisoma vipimo. Bi Somoe alikuwa na masikio, basi aliitambua njaa ya kila mtoto kwa kilio chake. Alipotetemeka mmoja, mwingine alishika chupa. Hakuna aliyewapangia hivyo. Chakula kilikuwa sahani moja kwa siku, wakilishana kwa kijiko kimoja ili mikono mingine ibaki kwa watoto.

Sikudhani alihangaika siku zote hizo. Alikwenda mpaka mpakani, akarudi na pakiti moja, na njiani askari wakamnyang'anya kwa sababu kadi yake ya afya ilisema hana presha. Alipimwa palepale ili kuthibitisha, na kwa mara ya kwanza maishani akaomba awe mgonjwa. Akakutwa mzima.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Bi Somoe alikuwa ameshika mtoto. Bi Asumpta alieleza baadaye kwamba alimwona anasimama ghafla, anamlaza mtoto kitandani kwa utaratibu, anamfunika, anaingiza ncha za shuka chini ya godoro. Kisha akakaa sakafuni, akaegemea mguu wa kitanda, na hakuinuka tena.

Daktari aliandika presha. Kompyuta ikakataa. Akaandika uzee, na kompyuta ikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mwishowe akaandika uchovu wa ujana, ikakubali.

Mazishi yalipangwa baada ya sala ya alasiri. Majirani walikuwa wamekwishachimba, na shehe alikuwa ametumiwa habari. Kilichobaki ni kibali, na bila kibali chumba cha maiti hakitoi mwili. Sikudhani akafika kwenye dirisha la Bwana Tindwa, karani wa vizazi na vifo, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi kabla ya kila swali. Jina la marehemu. Umri wa marehemu, ishirini na minne. Jina la ndugu anayechukua mwili. Umri wake, arobaini na miwili. Uhusiano.

"Binti," Sikudhani alisema.

Bwana Tindwa akaandika, akabonyeza, akasubiri, akaomba radhi. Mashine ilikuwa haitaki. Mwanamke wa miaka ishirini na minne hawezi kuwa na binti wa arobaini na miwili, na yeye mwenyewe binafsi anaelewa, ila mashine haijui kuelewa. Kulikuwa na nafasi tatu zinazokubalika: shangazi, dada mkubwa, mama. Akashauri mama, kwa sababu ndiyo inayopita haraka.

Sikudhani alishika kalamu. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo. Akaona neno mama ni herufi nne tu, na kwamba baada ya yote aliyoyaandika na kuyafuta, hizi nne zisingeongeza kitu. Akaiweka kalamu chini. Alisikia uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na hasira, yake mwenyewe, juu yake mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyomwinua. Akafungua mkoba. Akatoa muhuri mwekundu. Akamwomba Bwana Tindwa faili la Bi Somoe, na juu ya ule wa kijani, katikati, akagonga HAJAREJEA, akaandika kwa mkono wake: miaka sabini na mitatu, dawa yake alinyimwa, mimi ndiye niliyemnyima. Akasaini kwa cheo chake kamili.

Kisha akaomba mafaili mengine yote.

Bwana Tindwa aliomba radhi, akayaleta. Hakuna mkubwa wake aliyemwamuru ayalete. Sikudhani akagonga kwa saa nzima na nusu, akimsoma kila mmoja kwa jina kabla ya kumgonga, Adelina, Asumpta, Aziza, na Bwana Tindwa akawa anamsogezea wino. Alifika wa mia mbili na sita. Mlango ukafunguliwa, akaingia Waziri.

Mheshimiwa Lwakipande hakuwa amekasirika. Alimpa Sikudhani pole, akakaa, akaomba maji. Alimuuliza ni nani aliyemtuma. Sikudhani akasema hakuna. Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, akayapitia mafaili mawili matatu, akamuuliza karani tatizo lilianzia wapi hasa. Bwana Tindwa akaeleza habari ya mashine, mama wa ishirini na minne na binti wa arobaini na miwili. Waziri akanywa maji yake yote, akaweka glasi chini.

"Sasa ninyi mmehangaika bure," alisema. "Umri wa mama hauna kasoro. Kasoro iko kwenye umri wa binti."

Akapiga simu moja. Kabla ya saa tisa Tangazo lilikuwa limetoka, lina namba na nembo, na Bwana Tindwa akalisoma kwa sauti ya chini kama sheria inavyotaka. Ndugu Sikudhani Lukwaro, kulingana na mahitaji ya taifa, ana miaka minne. Mihuri iliyogongwa na mtoto wa miaka minne ni mchezo wa mtoto, na Serikali haiwezi kumkasirikia mtoto. Mafaili yakafutwa kwa kitambaa chenye spiriti. Muhuri ukachukuliwa kwa upole kutoka mkononi mwake, asije akajiumiza.

Karani akaandika tena. Uhusiano: binti. Umri: minne. Mashine ikakubali mara moja, kibali kikatoka kikiwa bado na joto. Kwa kuwa mtoto hasaini, akawekeshwa kidole gumba. Na kwa kuwa mtoto wa umri ule haruhusiwi kutembea barabarani peke yake, na mzazi wake amefariki, Wizara ikamtafutia mlezi kijana, mwenye nguvu, aliyethibitishwa kurejea.

Akaja Bi Asumpta. Alikuwa ametoka wodini na sare yake, kanga mabegani, piko limeanza kuchuja kwenye mashavu, anatembea akijishikilia kwenye viti. Aliambiwa asaini kumpokea mtoto, akasaini. Alimshika Sikudhani mkono, wakatoka nje kwenye jua kwenda kwenye msiba.

Pale barabarani walisimama kusubiri magari yapite. Ndipo Sikudhani alipoanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akimwita mama yake, mbele ya maduka na mbele ya askari wa zamu, na Bi Asumpta akamvutia kifuani akampangusa kamasi kwa upindo wa kanga. Watu waliokuwa wakipita walitazama, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa amefiwa na mama yake.